Mkanda Namba Saba

Nilimpiga Maillat kofi. Naanza na hilo ili asije mtu akasema nimelificha. Nilimpiga Jumamosi, saa tano na nusu asubuhi, ndani ya zizi lake, mbele ya farasi na mbele ya daktari wa mifugo. Ungeniuliza muda ule, ningekwambia bado namdai la pili.

Lakini aliyestahili lile kofi hakuwa yeye. Au tuseme hakuwa yeye peke yake.

Kwa ambaye hakunisoma kwenye safu hii wiki zilizopita, mambo ni haya. Naitwa Marceline Cattin, nina miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa hapa hapa La Chaux-de-Fonds, mji wa saa wa Uswisi. Kwa miaka ishirini na minne nilikuwa naunganisha mikanda ya chuma ya saa katika kiwanda ambacho mwanasheria amenikataza kukitaja jina. Mwaka jana tulitengeneza mikanda kumi na miwili ya pekee, chuma pembeni, dhahabu katikati, kila mmoja na namba yake ndani ya kifungo. Yote ilipita mikononi mwangu. Septemba, mitatu ikapotea: namba nne, namba saba na namba kumi na moja.

Msimamizi wetu, Bwana Maillat, alinihoji ofisini siku tatu mfululizo. Nilivuliwa mpaka soksi. Oktoba nikafukuzwa, bila polisi, bila kesi, bila hata mtu wa kuniambia kwaheri. Tangu siku hiyo nikipita mtaani watu hawanitazami usoni. Wananitazama mikono.

Mume wangu Rémy, dereva wa basi la mji, ndiye peke yake aliyesimama nami. "Waache, Marceline," alikuwa akiniambia kila nilipotaka kwenda kupiga kelele getini. "Utajiumiza bure."

Nikawaacha. Nikapata kibarua kwa Mzee Nicolet, mwenye duka la saa karibu na stesheni. Nabadilisha betri, napunguza mikanda, nameza hasira.

Mpaka Jumamosi hii.

* * *

Aliingia mtu wa mwili, mashavu mekundu, buti zina matope, ananuka dawa na nyasi kavu. Akavua saa, akaibwaga kaunta kama anayemtupa paka aliyemparura.

"Mama, hii saa inaning'ata! Farasi wameniuma miaka thelathini sijalalamika. Lakini hii imenishinda."

"Ivae tena nione inapokuuma."

Akaivaa. Nikaushika mkono wake, nikaugeuza. Kifungo cha mkanda, ambacho kinatakiwa kulala chini ya mkono, katikati, pale mganga anapoweka vidole kusikiliza mapigo, kilikuwa kimepanda pembeni na kukaa juu ya mfupa. Kila akikunja mkono, ukingo wa chuma unazama kwenye nyama. Saa yenyewe nayo ilikuwa imeinamia upande wa pili, kama mlevi aliyeegemea ukuta.

"Nani kakupunguzia huu mkanda?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa kifaa gani?"

"Msumari wa kwato. Na nyundo."

"Daktari... wewe ni daktari wa mifugo, siyo?"

"Umejuaje?"

"Pua ninayo. Sasa, daktari, ukiletewa farasi aliyeshonwa kidonda kwa waya wa uzio, unamwambia nini mwenyewe?"

Akacheka mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. "Namtukana!"

"Basi jihesabu umetukanwa. Umetoa pingili ngapi za mkanda?"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kibiriti. Ndani yake mlikuwa na pingili tatu pamoja na vidonge viwili vya minyoo. "Hizi hapa. Tatu."

"Zote upande mmoja?"

"Upande ni upande, mama."

"Suruali yako ikiwa ndefu, unakata mguu mmoja tu?"

Alicheka tena, nami nikacheka. Nataka mjue kwamba nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba, na haikudumu.

Jina lake lilikuwa Daktari Gigon, kutoka juu huko kwenye malisho ya farasi. Nilimwambia akunje ngumi, aifungue, kisha auache mkono uning'inie. Nikamuuliza ametoka wapi asubuhi ile. Akasema tangu alfajiri alikuwa na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa.

"Vizuri," nikamwambia. "Mkono umefanya kazi, umeshavimba. Mkanda unapimwa kwa mkono wa mchana. Mkono wa kuamkia ni mwembamba, unadanganya. Ulipopunguza ulikuwa umetoka kitandani, siyo?"

"Wewe mchawi."

"Mimi fundi."

Nikavaa miwani yangu ya kukuzia, nikaulaza mkanda juu ya kitambaa. Kazi ilikuwa wazi. Kumrudishia pingili mbili pale alipokata kupita kiasi, na kumtolea moja upande wa pili, ili pande zilingane. Ziada ndogo itakayobaki ningeimaliza kwenye vile vitundu vya kurekebishia vilivyo pembeni mwa kifungo. Dakika kumi.

Nikafungua kifungo kutafuta vitundu.

Ndani, chini ya ulimi wa kifungo, palichongwa namba. Ndogo kuliko punje ya ufuta.

Saba.

* * *

Nilifuta miwani. Nikatazama tena. Nikaugeuza mkanda, nikapitisha kidole kwenye mstari wa katikati. Daktari bila shaka alidhani ni rangi tu. Ilikuwa dhahabu. Pingili zile nilizijua kama mama anavyoyajua meno ya mtoto wake.

Siku tatu nilizokaa kwenye kiti cha Maillat, swali lilikuwa hilo hilo: "Namba nne iko wapi? Namba saba iko wapi? Namba kumi na moja iko wapi?" Nilikuwa nikiziota namba zile. Sasa moja imekuja yenyewe, imelala kwenye kitambaa changu, ina mavi ya farasi kwenye maungio.

"Daktari," nilisema, na sauti yangu niliisikia ikitoka mbali, "mkanda huu umeupata wapi?"

"Zawadi. Saa ni ya marehemu baba, ilikuwa na mkanda wa ngozi umechakaa. Mwezi wa pili nilimzalisha farasi mmoja, Fanchon, mtoto kakaa vibaya, miguu nyuma. Saa nne nzima nimo mkono mpaka begani. Mama na mtoto wakapona wote wawili. Mwenye farasi alilia kama mtoto, akakimbilia ndani, akarudi na huu mkanda. Akasema ni mabaki ya kiwandani, hayauzwi."

"Mwenye farasi ni nani?"

"Unamfahamu pengine. Msimamizi wa kiwanda fulani hapa hapa mjini. Maillat."

Koleo ilinidondoka.

Nakiri mbele yenu kitu ambacho hata padri sijamwambia. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa kupiga simu polisi. Nilitaka kuharibu. Pini inayoshika pingili huingizwa kinyume cha mshale uliochongwa ndani ya mkanda, mpaka iishie kabisa. Ukiiacha nusu, inakaa siku mbili tatu, halafu siku moja mtu ananyoosha mkono na saa inakwenda. Nikajisemea: acha nusu, Marceline. Idondokee kwenye mavi. Ikanyagwe na farasi wa Maillat mwenyewe.

Niliishika pini, nikaisukuma nusu, nikaitazama.

Mikono ikakataa. Sijui niseme vipi. Mimi nilitaka, yenyewe haikutaka. Miaka ishirini na minne haijawahi kuacha pini nusu, na hasira yangu yote haikutosha kuifundisha. Nikaisukuma mpaka mwisho. Nikagonga kidogo. Nikairudisha pingili ya pili. Nikatoa ile ya upande wa pili. Nikasogeza kifungo vitundu viwili.

"Vaa."

Akavaa. Kifungo kikalala chini, katikati. Saa ikakaa juu, haiinami huku wala kule. Nikapitisha kidole changu kidogo kati ya chuma na ngozi, kikapita bila kubanwa wala kupwaya. Nikamwambia auzungushe mkono, apige ngumi, autikise.

"Aisee!" Macho yalimng'aa. "Haiumi! Sisikii hata kama nimevaa kitu!"

"Ndivyo inavyotakiwa," nikasema. "Na sasa sikiliza, daktari. Huo mkanda uliibwa. Mimi ndiye niliyefukuzwa kazi kwa ajili yake."

* * *

Mashavu yake mekundu yakageuka meupe, kisha yakarudi mekundu zaidi.

"Unasema nimevaa mali ya wizi?"

"Nasema umevalishwa."

"Mama, chunga mdomo wako! Mimi najulikana kila zizi kuanzia hapa mpaka mpakani!"

"Na mimi walinijua kila meza ya kiwanda! Tazama namba iliyomo humo ndani. Tazama! Saba! Wamenivua nguo kwa ajili ya hiyo saba!"

Mlango wa nyuma ukafunguka, Mzee Nicolet akatokeza, kitambaa cha kufutia vioo begani. Mzee huyu ana masikio ya popo pale tu usipotaka asikie.

"Marceline, njoo huku nyuma."

"Sema hapa hapa, mzee."

"Nakuambia njoo."

"Nami nakwambia sema hapa. Mteja ana masikio, anahusika."

Akasogea, akashusha sauti. "Nusu ya kazi ya duka hili inatoka kule kiwandani. Unataka tufunge? Mrudishie bwana saa yake, mtakie siku njema. Yaliyopita yamepita."

"Yamepita kwako! Wewe ndiye unayeniambia kila siku nisikae dirishani wateja wasinione!"

"Nilikupa kazi wakati hakuna aliyekutaka!"

"Ulinipa kazi kwa sababu nafanya ya watu watatu kwa mshahara wa nusu mtu, mzee, tusidanganyane leo!"

Mungu anisamehe, ni mtu wa miaka sabini na sita. Lakini hata kumwambia hivyo hakukunipunguzia kitu.

Daktari Gigon alikuwa ameinamia mkono wake. Alifungua kifungo, akauelekeza kwenye taa, akakunja jicho moja.

"Ni saba," alisema mwishowe.

"Daktari, usimsikilize," Mzee Nicolet akaingilia. "Huyu mama ana historia..."

"Mwache aseme, mzee." Hakupaza sauti. Nadhani hivyo ndivyo anavyozungumza na farasi wakorofi. "Mimi sipendi kupewa kitu kisha nikaambiwa nikivae na ninyamaze. Mama, chukua koti lako."

"Twende wapi?"

"Kwa aliyenipa. Jumamosi hii yuko nyumbani anasugua farasi. Kama unasema uongo, atakwambia mbele yangu, na utaniomba radhi. Kama unasema kweli..."

Hakumaliza. Nilikuwa nimeshavaa koti mkono mmoja.

"Ukitoka mlango huo usirudi!" alipiga kelele Mzee Nicolet.

Nikatoka mlango huo.

* * *

Garini mlikuwa na kamba, ndoo, na glavu za mpira za kufika begani. Theluji ya Aprili ilikuwa imebaki viraka viraka chini ya misonobari. Daktari aliendesha kama mtu anayewahi uzazi.

"Tukifika, niachie nianze mimi," alisema. "Hasira hasara, mama."

"Hasara nimeshaipata tangu Oktoba. Sasa nadai hasira yangu."

Akaongeza mwendo.

Maillat tulimkuta zizini kweli, ana burashi mkononi, anamsugua Fanchon mgongo. Kiwandani huwa ana tai na sura ya jaji. Pale alikuwa na buti za mpira na fulana iliyotoboka kwapani, na kwa dakika nzima nilishindwa kuamini kwamba nilikuwa nikimwogopa mtu huyu.

"Gigon! Karibu, karibu! Mtoto anaendelea vizuri, njoo umwone..." Halafu akaniona. Burashi ikasimama.

"Maillat," daktari akasema, akanyoosha mkono wenye saa. "Huu mkanda umeutoa wapi?"

"Si nilikwambia? Mabaki."

"Mabaki yanachongwa namba?"

Maillat akanitazama mimi, akatazama saa, akanitazama tena. Nilitegemea atatetemeka. Nilitegemea atakana. Nilikuwa na majibu yake yote, nimeyafanyia mazoezi miezi sita nikiosha vyombo.

Akacheka.

"Bibi Cattin. Kumbe una uso mgumu hivi? Unakuja kwangu kudai mkanda ulioiba mwenyewe?"

"Sijaiba kitu!"

"Kama hukuiba, mbona uliandika barua?"

"Barua gani?"

"Ile barua yako ya Oktoba. Ya kukiri." Alisema polepole, kama mtu anayemkumbusha mtoto. "Kwamba ulichukua mikanda mitatu kwa shida, kwamba unarudisha mmoja, miwili umeshaiuza, kwamba unaomba tusiite polisi nawe utaondoka bila kudai. Imepigwa chapa, saini yako chini. Nikamwambia mkurugenzi kwa mdomo tu kwamba umekiri, akakubali. Wewe ulidhani hukupelekwa mahakamani kwa sababu gani, kwa uzuri wako?"

Nikashika boriti.

"Sijaandika barua yoyote."

"Basi muulize aliyeileta."

"Nani kaileta?"

"Mumeo."

Daktari Gigon alisema kitu, sikukisikia. Nilikuwa namwona Maillat akifungua na kufunga mdomo.

"Rémy alikuja ofisini kwangu mwenyewe, saa ya chakula, na koti lake la basi. Barua mkono huu, mkono huu namba saba, imefungwa kwenye kitambaa cha jikoni. Kitambaa cha miraba myekundu. Akalia pale. Akanisihi nisikutajie kabisa ile barua. Alisema ukitajiwa utajidhuru. Nikamhurumia. Nimekaa na siri ya aibu yako miezi sita, Bibi Cattin, na hivi ndivyo unavyonishukuru."

Kitambaa cha miraba myekundu. Tunavyo sita, alinipa mama mkwe.

Nikakumbuka na saini. Jumatatu moja ya Oktoba, mimi nimelaza kichwa mezani, macho yamevimba, Rémy amenisogezea karatasi na kalamu. "Weka saini hapa, ni za kuomba fedha za wasio na kazi, wakikufukuza tuwe tayari. Na hapa. Na hapa." Niliweka. Sikusoma hata neno moja. Mimi, ninayeweza kuona namba ndogo kuliko ufuta.

Sauti yangu ilipotoka ilikuwa ndogo. "Na mkanda? Ulirudishwa kiwandani, kwa nini uko mkononi mwa daktari?"

Hapo ndipo macho yake yalipoyumba kwa mara ya kwanza.

"Ulikuwa... ulikuwa umeshaandikwa umepotea. Wewe umeshakiri. Nikaona, nani tena ataulizia?"

Ndipo nilipompiga.

Lilikuwa kofi la mkono uliofungua na kufunga pini miaka ishirini na minne, na lilimpata sawasawa. Fanchon aliruka, mtoto wake akakimbilia nyuma yake, ndoo ikapinduka. Maillat alishika shavu, akapiga kelele kwamba ataita polisi.

"Waite!" nilimwambia. "Waite sasa hivi! Tangu Oktoba nawangoja mimi!"

Hakuita. Simu alikuwa nayo mfukoni, naiona, hakuigusa.

Daktari Gigon alikuwa ameshavua saa. Aliiweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole juu yake kwa mkono wake mzito.

"Hiyo saa ni ya baba yangu, nitaifuata. Mkanda siufuati. Ukihitaji shahidi, ninao mdomo." Kisha akamgeukia Maillat. "Na wewe tafuta daktari mwingine wa farasi."

* * *

Alinishusha mlangoni kwangu saa sita na nusu. Akaniuliza kama anisubiri. Nikamwambia aende kwa ng'ombe wake. Nilitaka kupanda zile ngazi peke yangu, orofa tatu, na kila ngazi nilikuwa natafuta sababu moja, moja tu, itakayomwokoa Rémy. Nilifika juu sina hata moja.

Alikuwa jikoni. Supu ya viazi juu ya jiko inachemka, soseji ya moshi ameshaikata vipande, anapuliza kijiko.

"Umewahi leo, mpenzi. Mzee kakuachia?"

Nikaiweka saa mezani, mkanda juu, kifungo wazi.

Msomaji wangu, mtu asiyejua kitu huuliza. Angeniuliza hii saa ya nani. Angeniuliza umeitoa wapi, au kwa nini umeileta nyumbani. Rémy alikitazama kile kifungo, akaweka kijiko chini taratibu, akazima jiko.

Hakuuliza. Nikajua.

"Marceline..."

"Usiniite jina langu. Ulinisainisha nini?"

"Kaa kwanza."

"Sikai! Nilikaa! Nilikaa kwenye kiti cha Maillat siku tatu nikiapa kwa jina la marehemu mama yangu, nawe ulikuwa unanisubiri nje na chai ya chupa! Ulinifuta machozi! Ulilala pembeni yangu miezi sita ukiniambia niwaache, niwaache! Kumbe nilipaswa kukuacha wewe!"

"Sikuiba mimi."

"Mkanda ulikuwa mkononi mwako!"

"Ulikuwa mkononi mwangu, ndiyo. Lakini sikuiba mimi. Naapa." Alikuwa analia, na safari hii machozi yake yalinichefua. "Nilitaka kuokoa mtu."

"Kumwokoa nani? Anayezama nilikuwa mimi!"

"Wewe una ufundi, Marceline. Mikono kama yako haikosi kazi popote. Na ulikuwa umeshashukiwa, wangekufukuza tu, barua au hakuna barua. Yeye angeanza maisha na kesi. Ningefanya nini? Niambie, ningefanya nini?"

"Yeye nani?"

Akakichukua tena kile kijiko, akakiweka.

"Rémy. Yeye nani?"

Macho yake yakakwepa yangu, yakaenda mezani. Nami nikayafuata. Alikuwa ameandaa sahani tatu.

Tuna mtoto mmoja. Coralie, wa miaka ishirini, anasomea uuguzi. Mwaka jana, likizo ya kiangazi, alitaka vibarua, nami nikaenda kwa Maillat kumwombea, nikakaribia kupiga magoti. Akampa miezi mitatu ya kufunga mizigo. Mpaka mwisho wa Septemba. Meza yake ilikuwa hatua sita kutoka yangu. Kila jioni alikuwa akinibebea mkoba.

"Hapana," nilisema.

Rémy alifunika uso kwa viganja.

"Hapana, Rémy. Sema mwingine. Sema ni wewe. Nitakusamehe, sema ni wewe!"

"Niliukuta kwenye begi lake la shule," alisema ndani ya viganja vyake. "Saba peke yake. Nne na kumi na moja mimi sijaziona mpaka leo. Sijui alimpa nani, na kila nikimuuliza anatetemeka, ananiambia, baba, ukinilazimisha kusema wataniua."

"Watamuua? Kina nani?"

"Sijui! Ningejua ningekaa hivi?" Akanishika mkono, ule ule uliompiga Maillat. "Niahidi hutamgusa. Kabla hajafika, niahidi."

Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, maana sikupata nafasi.

Ufunguo uligeuka mlangoni.

Ufunguo wa nyumba ile tunao watu watatu tu. Wawili tulikuwa jikoni. Lakini miguu iliyoingia kwenye korido haikuwa ya mtu mmoja.

"Mama," niliisikia sauti ya Coralie, nyembamba, kavu, "usitoke. Baki huko huko jikoni. Wanataka kuzungumza na baba kuhusu mikanda."